Kadi Mia Moja Arobaini na Tatu

Nyambura, mama yangu,

Umeenda Giakanja kumuaga dada yangu, na najua hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili, kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika. Jua bado liko juu. Sanduku lako limefungwa pale mlangoni na sitaligusa. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya Nairobi, wala za wanaume. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua hutajifunza kwa karatasi yangu.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema mezani Jumapili iliyopita, yakanifanya niache chakula. Ulikuwa ukimweleza baba yako kazi unayoiendea kesho. Ulisema ile mashine ya kampuni huweka habari zake katika majedwali, na kwamba ndani yake kuna jedwali moja kuu linaloyataja majedwali mengine yote, ambalo mashine yenyewe hulitazama kwanza kila inapotafuta kitu. Ukasema jedwali hilo kuu limeingiwa na maandishi maradufu, kitu kimoja kimetajwa mara mbili, mashine inagoma, na nyinyi wapya ndio mtakaolisafisha. Baba yako akauliza mtalisafisha vipi. Ukacheka. "Rahisi, baba. Zikiwa mbili, unafuta moja."

Ulidhani nimeondoka mezani kwa sababu nyama ilikuwa ngumu. Niliondoka kwa sababu niliyatambua maneno yako. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu kwa sauti hiyo hiyo, na mtu akakaribia kufa.

Unajua nilifanya kazi hospitali ya misheni miaka ishirini na miwili. Uliambiwa nilikuwa karani wa mafaili. Hukuambiwa kwamba niliingia pale kwa ndoo na dekio, na darasa la nne tu kichwani. Kila asubuhi nilidekia chumba cha mafaili, na nikifika kwenye kabati la kadi nilipunguza mwendo, nikasoma. Mwaka wa pili niliweza kuitoa kadi yoyote haraka kuliko karani mwenyewe, na karani alipoacha kazi hawakuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyenishika mkono. Nakuambia hili ujue kiburi changu kilitoka wapi.

Kabati hilo ndilo lililokuwa jedwali letu kuu. Mafaili yenyewe yalikaa rafuni kwa nambari, maelfu, yote ya rangi moja ya udongo. Humpati mgonjwa huko kwa kutazama tu. Unaanza kabatini: kila mgonjwa ana kadi yake moja, zimepangwa kwa majina ya Kikuyu, na kadi inakuambia nambari ya faili, na kama huyo mtu yumo pia katika rejista ya maabara, au ya wajawazito, au ya kifua kikuu. Kadi ikipotea, faili iko rafuni lakini ni kama haipo.

Sasa unajua majina yetu. Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangari, Wairimu, Wangechi, Waithira. Droo za W zilikuwa tatu na zilijaa mpaka hazifungiki, wakati ile ya Z ilikuwa na kadi nne za Waislamu fulani kutoka Nanyuki, zimelala kama wageni hotelini. Basi paa likavuja wapi? Juu ya W.

Nilimwambia katibu wa hospitali, yule mwanamume aliyekuwa akitusimamia sote wa ofisini, kwamba paa linavuja.

"Sogeza kabati," akasema.

"Limepigiliwa ukutani."

"Basi weka ndoo. Si wewe unazijua ndoo?"

Masika yalinyesha wiki sita. Nilipovuta droo ya katikati, kadi zilitoka kama mkate uliolowa, zimeshikana, zina ukungu wa kijani na wadudu weupe katikati. Uvundo wake uliingia kwenye sweta yangu, na nilipoifua ukabaki. Nilizibandua moja moja kwa kisu cha mezani, nikazianika juu ya ua wa michongoma, na watu foleni wakinipigia kelele dirishani, "Karani, sisi tunakufa huku na wewe unaanika karatasi!" Zilipokauka nilizirudisha mbio mbio. Nilijua sijazipanga vizuri. Nikajiambia nitazipanga Jumamosi. Jumamosi ikaja na mambo yake, na iliyofuata pia.

Maradufu yalizaliwa hapo, na nadhani hata kwenye mashine yenu huzaliwa hivyo hivyo. Mgonjwa anakuja. Unatafuta kadi yake mahali inapopaswa kuwa. Haipo. Kumbe ipo, lakini imekaa kadi arobaini nyuma, katikati ya watu wasiomhusu. Wewe unasema, "Mgonjwa mpya," unaandika kadi mpya, nambari mpya, faili mpya. Akija tena unakosa zote mbili, unaandika ya tatu. Hakuna aliyekusudia uongo. Kabati lilisema haipo, sisi tukaliamini, na kila siku tukaliongezea uongo mwingine juu ya ule wa jana.

Mwaka ukapita. Wageni wa ng'ambo walikuwa waje kuitazama hospitali, na katibu akataka idadi ya wagonjwa. Nikahesabu kadi, nikampa. Aliitazama ile karatasi kana kwamba nimeitemea mate.

"Wairimu, hapa kuna watu wengi kuliko walio hai."

"Kuna kadi mbili mbili, bwana katibu."

"Toa moja moja. Uko na wiki."

Nikajibu, "Hiyo ni rahisi."

Nilikaa na droo za W siku sita. Kanuni yangu ilikuwa hii: kadi mbili zenye jina moja la ubatizo, jina moja la Kikuyu, jina moja la nyumba, kijiji kimoja na umri wa kukaribiana, hizo ni za mtu mmoja. Nilibakiza ile ya zamani, nikararua mpya. Mafaili ya kadi nilizorarua nilikusudia kuyaunganisha na yale mengine baadaye. Sikufungua hata moja. Kwa nini nifungue, na kadi ziko mbele yangu zinafanana? Mia moja arobaini na tatu. Niliandika idadi hiyo kwa chaki ubaoni. Katibu akaninunulia soda ya machungwa akasema mbele ya wauguzi, "Mnaona? Na huyu alikuwa mtu wa dekio." Nikainywa yote. Nilifurahi, Nyambura. 

Wiki tatu baadaye alikuja Maria Wangechi Gathogo, mke wa mtu, mwenye miaka ishirini na sita hivi, amejikata mguu kwa jembe na kidonda kimefura. Kadi yake niliipata mara moja, nikaona fahari. Nikatoa faili; ilikuwa safi, haina onyo lolote. Ikaenda kwa daktari, daktari akaandika penisilini. Kabla muuguzi hajaweka pamba, Wangechi alikuwa sakafuni, uso umevimba, pumzi inapiga mluzi. Walimrudisha kwa shida. Lakini muuguzi akaogopa, na kwenye karatasi akaandika kwamba mgonjwa alizimia kwa njaa.

Mchana mama yake akaja dirishani kwangu. "Hiyo sindano tulikatazwa hapa hapa! Mwaka jana! Daktari aliandika na kalamu nyekundu!"

Katibu akatoka mwenyewe, akaichukua faili, akamfungulia ukurasa mmoja mmoja kwa vile vidole vyake vilivyopakwa mafuta. "Mama, nionyeshe nyekundu iko wapi."

"Mimi sijui kusoma. Lakini nilimwona akiandika."

"Hapa haiko. Kama haiko, haiko."

Nyuma ya yule mama alikuwa amesimama mwanamke mwingine, ana mtoto mgongoni. Akanyoosha shingo akaangalia jalada la ile faili.

"Nambari hiyo ni yangu," akasema. "Niko nayo kwa cheti ya kliniki."

"Na wewe ni nani?" katibu akauliza.

"Maria Wangechi Gathogo."

"Maria Wangechi Gathogo yuko wodini."

"Huyo ni binti wa Mwangi. Mimi ni wa Ndiritu. Mwangi na Ndiritu ni ndugu, mama yao ndiye Maria Wangechi, na baba yao ndiye mzee Gathogo, ambaye nyinyi watu wa misheni mlibandika jina lake kwa kila mtu wa hilo boma. Tuko Wangechi wanne. Nyanya yetu amezaliwa mara nne, na yeye mwenyewe bado yuko, anakula kunishinda!"

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia mimi. "Na wewe karani, jina lako ni nani?"

"Wairimu."

"Kwenu mko Wairimu wangapi?"

Nikageukia droo za W. Tuko watatu. Shuleni mwalimu alituita Wairimu Moja, Wairimu Mbili na Wairimu Tatu, na mimi nilikuwa Mbili. Wewe mwenyewe nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na binti wa pili wa kila dada yangu ni Nyambura kama wewe. Hilo nalijua tangu kunyonya. Na bado nilikaa siku sita na kadi za watu wangu nikizisoma kama mtu aliyeshuka jana kwa ndege. Mtu wa ndege angalau angeuliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na kanuni.

Katibu alielewa upesi. Na yeye ni mtoto wa hapa hapa, ana binamu wenye jina lake. Niliona ameelewa kwa jinsi alivyoifunga ile faili. "Tutaangalia," akawaambia wale akina mama, akafunga dirisha.

Niliingia rafuni. Kadi nilikuwa nimeirarua, kwa hiyo sikuwa na nambari. Nilifungua mafaili ya mwaka uliopita, moja baada ya jingine, mpaka nikalipata. Mgeni asiyejua kusoma angeliona kutoka mlangoni, wino mwekundu jalada zima: asipewe penisilini kamwe. Nikampelekea katibu.

"Hii imetoka wapi?"

"Rafuni."

"Kadi yake?"

"Niliirarua."

"Basi hii faili haina mwenyewe. Choma."

"Na Wangechi?"

"Wangechi si ameamka? Wageni wanakuja wiki ijayo. Unataka niwaambie mtu wa dekio alinirarulia wagonjwa? Choma, Wairimu."

Nilienda nayo hadi kwenye tanuri nyuma ya chumba cha dobi. Sikuichoma. Lakini usinipe sifa, kwa sababu sikufanya lolote lingine. Niliificha kwenye kabati la madekio, chini ya matambara, nikajiambia nangoja wakati mzuri. Siku nne. Katika siku zile sita za kurarua sikujua ninalofanya. Katika hizi nne nilijua, nikala, nikalala, nikakusuka nywele. Ulikuwa na miaka mitano.

Siku ya nne akaja daktari mwingine wa zamu. Mguu wa Wangechi, uliofungwa bandeji tu, ulikuwa umeanza kunuka. Akasoma kwamba alizimia kwa njaa, akamtazama, akaona ameshiba. Muuguzi mdogo akaja dirishani kuniomba faili, akaniambia tu kama mtu anayepiga gumzo, "Anaanzishiwa penisilini sasa hivi. Sista anavuta dawa."

Sikumbuki kufungua kabati la madekio. Nakumbuka ndoo ikianguka na mimi nikikimbia kwenye varanda na viatu mkononi. Sista mkuu wa wodi alikuwa tayari ameinua sindano.

"Sista, ngoja."

"Toka hapa. Hii si kazi ya ofisi."

"Soma kwanza."

"Nimesema toka!"

Nikaiweka faili juu ya kitanda, juu ya miguu ya mgonjwa, wino mwekundu juu. Akaisoma. Akairudisha sindano kwenye sinia taratibu, kama mtu anayeweka yai. Mama yake Wangechi, ambaye kelele zake hawakuzisikiliza, alikuwa pale, na yule binamu mwenye mtoto, na wodi nzima imekaa kitako.

"Hii ilikuwa wapi?" sista akauliza.

"Kwa kabati ya madekio."

"Tangu lini?"

"Siku nne."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Wangechi mwenyewe ndiye aliyeongea, amelala, sauti imekauka. "Mwacheni. Nipeni dawa nyingine, huu mguu unanuka hata mimi nausikia." Walimpa dawa nyingine. Aliishi. Alipoteza vidole viwili vya mguu kwa zile siku nne, na mpaka leo akipita barabarani namjua kwa mwendo kabla sijamwona uso.

Nilirudishwa kwa ndoo miezi kumi na minne. Katibu aliwaandikia wakubwa kwamba kosa la karani limegunduliwa na kusahihishwa, akahamishwa na kupandishwa cheo, wakamkatia keki. Keki ile niliifagia makombo yake mimi. Paa halikuwa limeguswa.

Alipokuja katibu mpya, yule sista alimwambia, "Mrudishe Wairimu kwenye kabati. Yeye ndiye ameshaungua." Ndipo nikafanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya mara ya kwanza, na hii ndiyo ninayotaka uende nayo, uipeleke kwenye mashine yako kadiri inavyokubali.

Nilianza kwa kunakili. Kabla sijagusa kadi hata moja niliandika kila droo jinsi ilivyokuwa, pamoja na upuuzi wake, katika madaftari ya shule kumi na tisa, nikayafungia chumba kingine. Watu walinicheka. Halafu nikaliacha kabati kabisa. Kabati ndilo lililokuwa limeharibika. Huwezi kumwuliza mwongo kama ni mwongo. Nikaenda rafuni nikasoma mafaili yenyewe kuanzia la kwanza, na kwa kila nambari nikafuata ni rejista gani zinaitaja: maabara, wajawazito, kifua kikuu. Nambari mbili zinaweza kuwa na jina moja, lakini moja ina damu ya kundi hili na nyingine ya kundi lile, moja imejifungua Machi na nyingine Mei. Huyo si mtu mmoja, hata kadi zifanane vipi. Na zilipokuwa za mtu mmoja kweli, sikurarua. Niliangalia kwanza kila kilichotundikwa kwenye nambari ninayotaka kuiondoa, nikakihamisha, nikangoja mgonjwa aje nimwulize uso kwa uso: mama yako anaitwa nani, na wewe umezaliwa baada ya nani. Jina lake mwenyewe nililiuliza mwisho.

Na kabla ya kuanza haya yote nilipanda juu ya paa na bati na misumari. Na kabla ya kushuka nilikaa pale juu nikalia kwa hasira, kwa sababu lile tundu lingezibwa na kipande kisichozidi kiganja changu.

Watakuambia una wiki moja, mama. Watakusifu idadi. Hawatakuuliza ulifungua mangapi.

Sasa neno ambalo ndilo nililokalia kiti hiki kuliandika. Nilipomaliza kusoma rafu yote nilijua hesabu kamili. Katika zile mia moja arobaini na tatu, mia moja na kumi na saba zilikuwa maradufu kweli. Ishirini na sita zilikuwa za watu. Watu kamili, ambao nilikuwa nimewafuta kwa sababu walipewa jina la nyanya yao kama inavyopasa. Wakija hospitali wangepewa faili la mtu mwingine, damu ya mtu mwingine, dawa ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nilianza kuwatafuta. Zile Jumamosi zote za utoto wako, ulipokuwa ukilia kwamba mama anapenda soko kuliko wewe, sikuwa sokoni. Nilikuwa Tetu, nilikuwa Othaya, nilikuwa nje ya makanisa nikiuliza, "Kuna Wambui mwingine kwa hii nyumba?" Wengine walinifukuza, wakadhani naleta mambo ya ardhi. Ulipokuwa darasa la sita ulinirushia maneno, ati nina watoto wengine mahali. Sikukujibu, kwa sababu kukujibu kungekuwa kukuambia haya, na nilitaka angalau mtu mmoja duniani aniite karani bila kucheka.

Nimewapata kumi na watano. Niliwapelekea nambari zao kwa mkono wangu. Watatu nilifika nikaonyeshwa kaburi, na kwa hao sikuwa na ujasiri wa kuuliza walikufa kwa nini. Wamebaki wanane. Kati ya wanane, wawili majalada yao yana wino mwekundu.

Ukifika Kenol kesho gari litasimama kidogo watu wanunue chakula, usinunue, nimekufungia. Mimi Jumamosi nitapanda gari la Kangema. Nimesikia kuna Waithira ameolewa huko kwenye majani chai, anatoka upande wetu, na ana umri unaofaa. Anaweza kuwa yeye. Anaweza kuwa binamu yake. Mmoja wa wale wekundu ni Waithira, na juzi mtu aliyetoka huko ameniambia huyo mama anaumwa kifua, na kwamba wiki hii wanafikiria kumpeleka kudungwa sindano.

Nimebadili nia. Siendi Jumamosi. Gari lako likishaondoka kesho, nitavuka barabara nipande langu.

Ni mimi niliyekuzaa,
Wairimu